Mzee wa Vyombo na Mmenyuko wa Mjapani

Kwa majuma matatu ya mwezi wa nne mwaka 2011 sikupata usingizi wa maana, na sababu yake naweza kuitaja kwa sentensi moja: nilishuku kwamba Mzee wa Vyombo, mwosha vioo wa maabara yetu, alikuwa akitia kitu kwenye chupa zangu za majaribio.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya pili ya kemia, na mkataba wa mradi uliokuwa ukikaribia mwisho. Msimamizi wangu, mwanamke wa Kiswidi asiyependa kelele, alikuwa amemaliza kuandika makala na kuliweka jina langu mbele ya lake. Makala ikipokelewa, nafasi ya udaktari ni yangu, na kibali cha kuishi kinafuata. Isipopokelewa, narudi Nairobi na sanduku nililokuja nalo. Na makala yenyewe ilidai jambo moja kubwa: kwamba ule mmenyuko wa Mjapani, ambao dunia nzima huufanya kwa msaada wa metali inayoitwa paladi, mimi nilikuwa nimeufanya bila paladi hata chembe.

Kwa asiye wa fani hii, nitaueleza mmenyuko kama Mzee wa Vyombo alivyonieleza, maana vitabu nilivyosomeshwa havikuusema vizuri hivyo. Alisema kaboni ni kama familia mbili zenye kiburi. Ukiziweka jirani zitatazamana tu, hakuna atakayeanza kusalimu. Mjapani akaichukua moja akaivisha boroni, nyingine akaiacha na bromini yake, kisha katikati akamweka paladi. Paladi ni mshenga. Anaingia nyumba hii, anatokea nyumba ile, anaunganisha, halafu anakwenda zake kutafuta ndoa nyingine. Yeye haoi. Chembe zake kidogo mno zinaweza kufungisha maelfu ya ndoa, na dawa nyingi tunazomeza zimepita mikononi mwake.

Kwa hiyo makala yangu ilikuwa inatangaza ndoa bila mshenga. Unaona kwa nini sikulala.

Sifahamu Mzee wa Vyombo alizaliwa wapi hasa wala watu wake ni nani. Najua tu kwamba aliwahi kufundisha kemia katika shule ya sekondari huko Bujumbura, na kwamba nilipofika Stockholm mwaka 2008 alikuwa tayari na miaka mingi katika chumba kile kidogo mwisho wa ukumbi wetu, chumba chenye mashine mbili za kuoshea, sinki refu na tanuri la kukaushia. Kila kitu cha kioo katika maabara kilipita humo. Waswidi walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi sikuweza, ningeona kama namvua kofia. Nilimwita Mzee, naye aliniita mwanangu siku za kawaida, na mtoto wa Nairobi siku nilipovunja kitu.

Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na makovu meupe ya asidi, na alipoulizwa alisema ni ukumbusho wa siku aliyoamini lebo. Alikuwa na usemi: lebo ni maneno ya mtu aliyekwisha ondoka chumbani. Kwa hiyo chupa ikiandikwa maji, yeye hakuipokea kama maji. Aliinusa kwa mbali, akapunga hewa kwa kiganja kuelekea puani, akadondosha tone kwenye karatasi ya kupimia, ndipo akamwaga. Mwanafunzi mmoja Mjerumani alimcheka mwaka wangu wa kwanza. Wiki ileile chupa iliyoandikwa maji ilitoboa mfereji wa sinki la ghorofa ya chini, na kicheko kikaisha chenyewe.

Hakupenda neno safi. Ukimwambia chombo hiki ni safi, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akakigeuzageuza, kisha akakurudishia bila neno, nawe ukajikuta unakiosha tena. Yeye mwenyewe aliosha mara tatu. Sabuni, kisha asetoni, kisha maji yaliyochujwa. Alihesabu kwa Kifaransa, akazungumza na mabosi kwa Kiswidi, na Kiswahili alikiweka kwa maonyo. Nikisikia Kiswahili kutoka nyuma yangu maabara, nilijua nakaribia kujidhuru.

Tabia hiyo hakuivua mlangoni alipotoka kazini. Aliishi Jakobsberg, kitongoji cha nje ya jiji, na asubuhi alifika stesheni dakika ishirini kabla ya treni, hata baridi ya mwezi wa kwanza ile inayobandua ngozi ya midomo, kwa kuwa ratiba nayo ni lebo. Jumapili tulikutana huko huko Jakobsberg, kwenye ukumbi ambao jumuiya yetu ilikodi kwa ibada ya Kiswahili. Baada ya ibada kulikuwa na chakula, na baada ya chakula kulikuwa na Mzee wa Vyombo jikoni, anaosha upya sahani ambazo akina mama wamekwisha kuziosha.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mnene, mcheshi, ambaye hilo lilimkera kila juma. Nakumbuka siku aliposimama mlangoni na kumwuliza, "Papa, yaani sisi wote hapa unatuona wachafu?"

"Sijasema wachafu, mama. Nimesema sijaona mlivyoosha."

"Basi siku ya kukuzika tutakuosha mara tatu, ili usirudi kutuuliza."

"Mara tatu na mashahidi," alisema Mzee, na jiko zima likacheka, yeye akaendelea kusuuza.

Sasa hapa ndipo aliponichanganya kwa miaka yote. Mtu huyo huyo asiyeamini sahani aligawa funguo za nyumba yake kama peremende. Mrundi amefika jana kutoka kambini, hana pa kulala. Mkenya ametoswa na mwenye chumba. Mkongo ana mke na watoto wawili na barua ya ofisi isiyoeleweka. Wote walipewa ufunguo, bila kuulizwa hata jina la pili. Mimi pia nilipewa. Wiki yangu ya kwanza, kabla shangazi yangu wa Jordbro, kitongoji kingine, hajanitengea kitanda kati ya watoto wake wanaomjibu kwa Kiswidi, nililala siku nane kwenye kochi la Mzee wa Vyombo. Alinionyesha jiko, akanionyesha choo, akaniambia kitu kimoja tu nisiguse, nacho ni bilauri ya kioo aliyopimia mchele.

Nilihitimisha kwamba alishuku vitu, hakushuku watu. Niliipenda sana kauli hiyo, hata nikaiandika mahali. Baadaye ikanisumbua. Mtu anayeamini watu bila kupima, akiona mmoja wao anataka kurudishwa kwao, atafanya nini kuzuia?

Kuna mtu mmoja ambaye Mzee alimwamini kuliko wote, na hakuwahi kuonana naye. Ndiye Mjapani. Hakumtaja kwa jina. Ndani ya kabati la chumba cha vyombo, kwenye bahasha ya plastiki, alitunza nakala ya kurasa chache za kazi yake, zimefifia kwa kudurufiwa mara nyingi, na pembeni zimejaa mwandiko wa penseli wa Kifaransa. Alisema alizipata zamani, wakati hana maabara wala umeme wa kutegemea, akazisoma kama mtu mwenye njaa anavyosoma orodha ya vyakula. Kilichomvutia ni kwamba mmenyuko ule haukuwa na madaha. Michanganyo mingine ya aina yake inaharibika ikiguswa na unyevu au hewa. Huu unavumilia maji, na boroni yake si sumu kali. Aliuita mmenyuko wa nyumba ya watu wa kawaida.

Jambo la pili alilolipenda ni kwamba Mjapani hakuuwekea hataza. Yeyote angeweza kuutumia bila kuomba ruhusa. Mzee alilisimulia hilo mara nyingi kuliko nilivyohitaji. "Aliacha mlango wazi," alisema, "na kila mtu akaingia na viatu vyake." Sikuwahi kujua kama hilo la viatu lilikuwa sifa au lawama.

Oktoba 2010, tuzo kubwa ya kemia ilipotangazwa, na Mjapani akawa mmoja wa watatu walioshinda, tulikuwa tumekusanyika mbele ya kompyuta ya msimamizi. Watu walipiga makofi. Nilikimbia mpaka mwisho wa ukumbi kumwambia Mzee. Alikuwa na mkono ndani ya chupa ya duara mpaka kiwiko. Aliniuliza nani kasema. Nikamwambia wamesema wenyewe, kamati. Akauliza kwa nini sasa, mtu ana miaka themanini, walikuwa wapi? Akauliza hao wawili wengine ni nani na wanatafuta nini pale. Kisha akamaliza kuosha chupa ile, mara ya pili, mara ya tatu, akaivua aproni, akatoka bila koti. Alirudi na keki ile ya mviringo yenye ngozi ya kijani ambayo Waswidi huila kwenye sherehe, akaikata vipande sawa kabisa, akagawa kwa kila mtu katika ukumbi, na yeye mwenyewe hakula. Nilipomwuliza kwa nini, alisema hajui wameweka nini ndani.

Desemba washindi walikuja kutoa mihadhara, na milango ilikuwa wazi kwa watu wote. Mzee alivaa suti ya kijivu na tai niliyoijua ya misibani. Tulipanga foleni kwenye theluji pamoja. Tulipofika hatua kumi kutoka mlangoni akaniambia niende tu, yeye anarudi kazini. Nilidhani anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alisema mtu umeishi na neno lake miaka yote hiyo, ukimwona karibu utaanza kutazama viatu. Akageuka akaenda, na mimi nikaingia nikakaa karibu na nguzo, sikusikia nusu ya maneno kwa kuwa nilikuwa nawaza: mpimaji wa kila kitu amekataa kupima kitu kimoja. Kuna nini hapo?

Nakiri kwamba nina maradhi hayo. Nikiona jambo dogo naliotesha mizizi. Lakini hayo yaliyofuata hayakuwa madogo.

Katika maabara yetu kulikuwa na desturi. Mtu akimaliza na kuondoka, vyombo vyake hurithiwa na anayeingia. Si vile vya kioo vikubwa, hivyo ni vya wote. Ni vile vidogo mtu anavyovizoea: vijiko vyake vya kupimia, vibanio, na kisanduku cha sumaku za kukorogea. Hizo ni fito ndogo za sumaku, urefu wa punje ya haragwe, zimevishwa plastiki nyeupe. Unaitia moja ndani ya chupa, unaiweka chupa juu ya mashine, nayo inazunguka yenyewe chini na kukoroga. Kisanduku changu kilikuwa cha Mswidi mmoja aliyenitangulia, ambaye kwa miaka yote alifanya mmenyuko wa Mjapani kwa paladi. Aliyenikabidhi ni Mzee wa Vyombo. Alizihesabu mbele yangu: saba. Moja moja, kwa Kifaransa.

Mwezi wa kwanza wa 2011, karibu kwa bahati, nilifanya jaribio la kulinganisha. Chupa moja yenye paladi, chupa moja isiyo nayo, ili ile ya pili ishindwe na kuthibitisha ya kwanza. Ya pili haikushindwa. Ilikwenda polepole zaidi, lakini kaboni zilishikana. Nilirudia. Zikashikana. Msimamizi alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akavuta kiti. Tulirudia kwa majuma, tukabadili kimiminika cha kuyeyushia, tukanunua chumvi mpya za kemikali kutoka kiwanda kingine, tukatumia vioo vipya. Zikashikana. Akaanza kuandika.

Halafu, Jumanne moja ya mwisho wa mwezi wa pili, saa sita, wakati wote wako kwenye chakula, nilirudi kuchukua simu nikamkuta Mzee wa Vyombo amesimama mbele ya kabati langu la majaribio, lile linalovuta hewa chafu, kioo kimepandishwa, mkono wake ndani. Alisema anatafuta bilauri ya kupimia iliyopotea. Nilisema sijaiona. Alishusha kioo akaenda. Nilifungua kisanduku changu. Sumaku zilikuwa tano.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Kwanza niliwaza ananiharibia. Lakini mbona majaribio yanafaulu? Mwenye kuharibu angehakikisha yanashindwa. Ndipo, mwezi wa nne ulipoingia, wazo la pili likaja, baya kuliko la kwanza: ananisaidia. Anajua mkataba unakwisha. Anajua hataniona tena jikoni Jakobsberg. Ana funguo za kila chumba, anajua paladi iko wapi, na chembe isiyoonekana kwa jicho inatosha. Kichwani nilimwona akinitilia mshenga chupani kama mjomba anavyomtilia mtoto sukari ya ziada kwenye chai mama akigeuka. Kama ndivyo, makala ni uongo, na mwongo wa kwanza kwenye orodha ya majina ni mimi.

Mtu wa kawaida angeuliza. Lakini nitamwulizaje mzee aliyenipa kochi lake siku nane kama ametia mkono wake kwenye chungu changu? Kwetu swali hilo si swali, ni hukumu. Nikaanza kumvizia badala yake. Niliweka unywele kwenye mlango wa kabati. Nilipiga picha za rafu asubuhi na jioni. Nilibeba chumvi zangu kwenye mkoba mpaka Jordbro na kurudi nazo, shangazi akaniuliza kama nimeanza kupika shuleni. Sikuona chochote. Unywele haukuguswa, na kaboni ziliendelea kushikana. Nilipaswa kufarijika. Nikajiambia: ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumapili ya mwisho kabla ya makala kutumwa, msimamizi alikuwa ameshaniambia anaituma Ijumaa. Baada ya chakula nilikwenda jikoni, nikachukua kitambaa, nikasimama kando ya Mzee wa Vyombo nikaanza kukausha. Mama wa Bukavu alitupita na sufuria akasema leo Papa amepata mwanafunzi. Ukumbini watoto walikuwa wakipiga kelele kwa Kiswidi. Tulikausha sahani kama kumi hivi.

"Mzee," nilisema, "naomba kukuuliza jambo, na usikasirike."

"Uliza. Nikikasirika utaona."

"Umekuwa ukigusa vitu vyangu?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, hilo halikuwamo. Nikamwuliza ametia nini kwenye chupa zangu. Akaniambia hajatia kitu, miye siwezi kukutilia kitu, weye una wazimu? Alisema alichochukua ni sumaku mbili tu. Akaenda nazo kwenye chumba chake, akaufanya mmenyuko wa Mjapani kwa mkono wake mwenyewe, bila paladi, chombo kimoja na sumaku yangu, kaboni zikashikana, chombo cha pili na sumaku mpya iliyotoka kwenye pakiti.

"Na hicho cha pili?"

"Maji tu. Hakuna kitu kilichotokea."

Niliiweka chini sahani niliyokuwa nakausha. Vioo vipya tulinunua, chumvi mpya tulinunua. Sumaku hakuna aliyezifikiria, maana ni kitu cha kurithi, unakiona kila siku mpaka hukioni. Miaka yote ile ya paladi ya Mswidi ilikuwa imejipenyeza kwenye mikwaruzo ya ile plastiki nyeupe. Ndoa yangu haikukosa mshenga. Mshenga alikuwa humo ndani tangu awali, mimi nimefunga mlango nikatangaza kwamba hayupo.

"Ulifanya lini hayo majaribio?"

"Mwezi wa pili."

"Mzee, huu ni wa nne. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilimwambia hilo si jibu. Akakubali si jibu. Kisha akanieleza, akiwa ameinamia sinki, kwamba yeye aliwahi kumwambia yule Mswidi aliyenitangulia, bila kuulizwa, mbele ya watu, kwamba vipimo vyake vina kasoro. Yule kijana alimjibu kwa upole kabisa, kwa Kiswidi kizuri, kwamba anashukuru, lakini kazi yake Mzee ni kuosha. Tangu siku hiyo, alisema, naosha.

Nilitaka kumwonea huruma, na nusu yangu ilimwonea. Nusu nyingine iliendelea kuhesabu. Ndiye aliyenikabidhi kisanduku kile. Ndiye aliyezihesabu.

"Uliponipa zile sumaku, ulijua?"

"Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Weye unashuku hata sahani ukaziosha tena. Hizi kwa nini ulinipa hivyohivyo?"

Sikuwa nimewahi kumwambia weye, ni maneno yake, yalinitoka tu. Alifunga bomba. Alikausha mikono yake kidole kimoja kimoja, makovu na yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitazama.

"Zile sumaku aliziosha nani, mwanangu? Miye. Kila jioni, miaka yote. Mara tatu. Kuna asidi inayoweza kuitoa paladi, naijua, nilifundisha watoto. Sikuitumia. Nilijiambia mara tatu zinatosha." Akaitundika taulo. "Ningekwambia, ningesema chombo kilichotoka kwangu hakikuwa safi."

Mama wa Bukavu aliingia kuuliza kama tunalala huko jikoni. Mzee akamjibu kwamba amebakiza vikombe. Hakubakiza chochote. Niliondoka kwenda kituoni bila kumuaga sawasawa, na ndani ya treni nikaanza upya. Je, ni aibu tu iliyomnyamazisha? Au alipoona makala inaandikwa alikaa kimya ili nipate kibali? Au alisubiri kuona kama nitagundua mwenyewe? Je, hata hilo la sumaku mpya ni kweli, au sasa ndipo ananiharibia, siku tano kabla? Anachosema mtu aliyekwisha kunificha jambo moja, nitakipima kwa kipi? Nilipofika Jordbro nilikuwa na Wazee wa Vyombo wanne kichwani, na kila mmoja ana ushahidi wake.

Jumatatu sikumtafuta. Nilichukua pakiti ya sumaku ambayo haijafunguliwa, nikaikata mwenyewe. Chupa tatu na sumaku mpya, chupa tatu na za urithi, kila kingine sawa. Nilikaa mbele ya chupa hizo mpaka jioni. Jumanne nilirudia kwa mpangilio tofauti, ili kama kuna mkono wa mtu usijue chupa ipi ni ipi. Nilizipa alama nilizozijua mimi peke yangu. Jumatano nikasoma matokeo. Zilizokuwa na sumaku za urithi zilishikana zote. Zilizokuwa na sumaku mpya zilikuwa kama nilivyoziacha.

Alhamisi asubuhi nilibisha hodi kwa msimamizi. Makala ilikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta yake, jina langu juu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye dibaji na maelezo, nikaiacha.

"Usiitume," nilisema. "Si kweli. Paladi ilikuwepo, na najua ilikuwa wapi."

Niliweka daftari mbele yake. Alisoma kurasa zile mbili, akarudi nyuma, akazisoma tena. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, kisha akaniuliza kama nimeligundua peke yangu.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Lingekuwa jambo dogo la heshima kwa mtu anayekaribia kupoteza vingine vyote: angalau niliona kosa mwenyewe. Na Mzee asingebisha. Angeendelea kuosha.

Nilimwambia hapana, kuna mtu aliyeona miezi miwili kabla yangu, na kwamba nadhani anapaswa kueleza yeye mwenyewe, alichokiona na kwa nini alinyamaza. Msimamizi aliuliza ni nani. Nilisema ngoja.

Nikatoka, nikautembea ukumbi ule mpaka mwisho. Mashine zilikuwa zinanguruma, na Mzee wa Vyombo alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Mpaka nafika mlangoni sikuwa nimeamua kama namwita awe shahidi wangu au aje kujibu. Nilimwambia avue aproni, anahitajika ofisini, kuna swali la kemia na ameulizwa yeye.